Sura ya Tano: Usiku wa Ijumaa

Boti ya saa mbili asubuhi iliondoka saa mbili na dakika ishirini, na Inspekta alizihesabu dakika zote ishirini. Saa nane mchana wa Jumatatu hiyohiyo, mtu aliyekuwa mahabusu angepandishwa kizimbani kwa kosa la kumuua kaka yake. Mkuu wa kituo alishasema faili limeiva. Alimruhusu Inspekta avuke kwenda Kisiwa Kidogo kwa sharti moja: akachukue sahihi ya mwenye nyumba ya wageni, basi, asianze kuchokonoa. Kumwambia mwanamke kama Inspekta asichokonoe ilikuwa sawa na kumkabidhi kijiti cha kuchokonolea.

Alilifungua faili mapajani akalisoma kwa mara ya tatu.

Ndugu wawili, watoto wa mama mmoja, walikuwa hawasemeshani kwa miaka miwili. Kaka mtu alikuwa mfamasia, mdogo mtu fundi wa friji. Mama yao alichoka, akawaamuru waende likizo pamoja. Mkubwa alitaka Kisiwa Kikubwa, kwenye hoteli ya ghorofa na maduka. Mdogo alitaka Kisiwa Kidogo, kwenye kimya. Hata hilo waliligombania, mpaka mama akaingilia: siku tatu huku, siku tatu kule, na mkirudi mrudi mnasemeshana. Mke wa kaka mtu akafuatana nao.

Walifika Kisiwa Kikubwa Jumatatu. Alhamisi ilikuwa siku ya kuvuka. Ijumaa alfajiri, kaka mtu alikutwa amekufa chini ya ngazi ya nyuma ya hoteli. Daktari aliandika kwamba alipigwa kichwani kwa kitu kizito kabla ya kuanguka, Alhamisi, kati ya saa nne na saa saba usiku.

Mdogo mtu alisema usiku huo hakuwepo. "Nilivuka Alhamisi kwa boti ya saa kumi na moja jioni. Kaka aliniambia nitangulie, yeye angenifuata asubuhi." Tiketi alishaitupa, na kwenye boti hakuna anayeandika majina. Lakini kama alisema kweli, basi hakuua mtu, maana baada ya boti ile hakuna nyingine ya kurudi mpaka saa mbili asubuhi.

Mjane alikuwa na maelezo mawili. Ya kwanza aliyatoa Ijumaa asubuhi: alimeza kidonge cha usingizi, hakusikia kitu, na shemeji yake hajui aliko. Ya pili aliyaleta mwenyewe kituoni Jumamosi saa sita mchana, macho yamemvimba: "Niliona aibu kuianika familia. Alhamisi saa tano usiku nilimsikia shemeji akigombana na mume wangu kwenye ngazi. Hakuvuka siku ile. Amevuka Ijumaa usiku baada ya kujificha. Mtafuteni Kisiwa Kidogo." Wakamtafuta, na Jumamosi saa kumi jioni wakamkuta amekaa kwenye kiti cha kamba, kiganja cha kushoto kimefungwa bendeji. Aliposikia kwamba kaka yake amekufa, alikaa chini mchangani. Askari waliandika kwamba alijifanya kushtuka.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya Koplo. Jumapili alimpigia simu mwenye nyumba ya wageni na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: *Shahidi anasema mgeni aliingia Ijumaa usiku.* Hapo ndipo faili lilipoiva.

Jumapili hiyohiyo mama wa wale ndugu alipiga simu kituoni, na kwa bahati mbaya Inspekta ndiye aliyepokea. "Nimezaa wawili," mama alisema. "Mmoja mmeniambia amekufa. Huyu wa pili mnampeleka wapi?" Inspekta alimjibu kwamba uchunguzi unaendelea. Alijichukia kwa jibu hilo usiku kucha, na ndilo lililomtoa kitandani mapema kuwahi boti.

Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba sita na mapazia mengi kuliko madirisha. Mwenyewe aliitwa Mama Mapazia na alionekana kulipenda jina. Alikuwa ameinamia cherehani, pini tatu mdomoni.

"Karibu, mwanangu. Chumba au choo?"

"Polisi, mama."

Alizitoa pini moja moja. "Basi ni kuhusu yule fundi. Nilishaongea na mwenzako wa jana kwenye simu. Ana haraka yule! Nilikuwa sijamaliza sentensi, anasema asante."

"Ndiyo nimekuja umalizie. Mgeni wako aliingia lini?"

"Usiku wa Ijumaa. Nimesema na nitasema."

Inspekta aliandika. Neno lilikuwa lilelile. Aliyevuka bahari kulifuata alihisi kama mtu aliyefungua kabati na kukuta ukuta. Lakini sharti lilikuwa sahihi tu, na yeye alikuwa bado hajachokonoa.

"Una daftari la wageni?"

"Sina? Unanionaje!" Mama Mapazia alivuta daftari kubwa kutoka chini ya vitambaa. "Kila usiku naandika nani yuko chumba gani. Marehemu mume wangu alikuwa msahaulifu, nikajifunza kutoamini kichwa cha mtu."

Inspekta alisoma kwa kidole. *Usiku wa Ijumaa: chumba cha tano, ameingia. Chumba cha nne, kimeandaliwa.* Chini yake: *Usiku wa Jumamosi: chumba cha tano, yupo.*

Kidole kilisimama. Jumamosi usiku yule mtu alikuwa kwenye selo namba mbili, na Inspekta mwenyewe ndiye aliyempa blanketi.

Moyo wake ulimwambia neno moja: limepikwa. Labda mama huyu alilipwa, labda anawajaza wageni hewa kwenye vitabu, labda mdogo mtu ni mpangaji wake wa siku nyingi. Kama daftari lilidanganya Jumamosi, halikufaa kusemea Ijumaa wala siku nyingine yoyote. Alilisogeza polepole.

"Usiku huu wa Jumamosi, mama, ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Alikula, akanisaidia kutundika pazia la ukumbini, akalala."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake jioni mkaja na boti yenu mkamchukua kama mwizi."

"Kesho yake. Yaani Jumapili."

"Jumamosi!" Mama Mapazia alimtazama kwa huruma. "Hujui hata mlikuja lini?"

"Mama, nakuomba tuelewane. Alilala hapa usiku wa Jumamosi, na kesho yake ikawa Jumamosi?"

"Sasa ulitaka iwe nini?"

"Jumapili!"

"Usiku wa Jumamosi na kesho yake Jumapili, Jumamosi yenyewe imekwenda wapi?" Aliweka mkasi mezani. "Mwanangu, jua likizama siku imekwisha. Usiku unaoingia ni wa siku inayokuja. Ukilala hapa leo, nitakuandika usiku wa Jumanne. Mimi nimezaliwa hivyo na mama yangu alizaliwa hivyo. Nyie wenzetu mnaweka usiku nyuma ya mchana, sijui nani aliwafundisha."

Inspekta alishusha kidole tena kwenye daftari na kusoma mistari ileile miwili, safari hii kwa hesabu ya mwenye daftari. Ameingia usiku wa Ijumaa: Alhamisi, jua limeshazama. Boti ya saa kumi na moja jioni hufika saa moja. Yupo usiku wa Jumamosi: Ijumaa, kutwa imekwisha. Amechukuliwa Jumamosi jioni. Kila kitu kilikaa mahali pake bila kulazimishwa.

Alipandwa na hasira, na hasira yenyewe ilimgeukia. Bibi yake mzaa mama alikuwa akisema hivihivi, usiku wa Jumatano kwa maana ya Jumanne ikichwea, na wajukuu wakamcheka. Yeye alikuwa wa kwanza kucheka.

"Mwenzangu wa jana ulimwambia hivyohivyo, usiku wa Ijumaa?"

"Hivyohivyo. Na yule mwanamke aliyepiga kabla yenu nilimwambia hivyohivyo."

Inspekta aliacha kuandika. "Mwanamke gani?"

"Geuza ukurasa. Simu pia naandika."

Aligeuza. *Jumamosi asubuhi, simu. Mwanamke, anasema ni shemeji wa chumba cha tano. Anauliza aliingia lini. Nimemjibu. Hakutaka kuongea naye.*

"Hakusema kwamba kaka yake huyu mgeni amefariki?"

"Amefariki tangu lini?"

"Alikutwa Ijumaa alfajiri, mama."

Mama Mapazia alishika kifua. "Mdogo wake yuko uani ananitundikia pazia, na yeye ananiuliza habari za kuingia tu, kisha anakata simu! Mtu gani huyo?"

"Ndilo swali nililokuja nalo bila kujua. Chumba cha nne kiliandaliwa kwa ajili ya nani?"

"Huyo huyo kaka yake, maskini. Alipiga mwenyewe Alhamisi mchana. Akasema mdogo wangu anatangulia, mimi nakuja na boti ya asubuhi. Nikamuuliza, kitanda cha watu wawili? Akasema hapana mama, kitanda kimoja, nakuja peke yangu."

Inspekta aliandika *kitanda kimoja* na kupigia mstari. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika kumi. Alikuwa na neno la mwanamke mmoja na namna yake ya kuhesabu. Mwendesha mashtaka yeyote angelichana kabla ya chai. Alihitaji mtu anayehesabu kwa tarehe.

"Mama, mgeni wako aliungua kiganja. Anasema ni jenereta."

"Si usiku uleule alioingia! Umeme ulikatika nyumba nzima. Nikamwambia wewe mgeni, kaa, fundi anakuja. Hakukaa. Fundi akimwona fundi mwenzake hawezi kukaa."

Banda la jenereta lilikuwa nyuma ya tangi la maji. Fundi jenereta, mwanamume mwembamba mwenye spana mfuko wa nyuma, alihudumia nyumba zote za upande ule, na kwa kila mashine alikuwa na kitabu kilichoning'inizwa kwa waya, maana waliomuuzia mafuta walidai saa kamili za kuwaka na kuzima.

"Ilizima lini mara ya mwisho?"

"Tarehe kumi na nne." Hakufikiri hata kidogo. "Tazama."

*Tarehe 14. Imezima saa tatu na nusu usiku. Bomba la mafuta limepasuka. Imewaka saa saba kasoro robo. Nimesaidiwa na mgeni.*

"Tarehe kumi na nne ilikuwa siku gani?"

"Alhamisi. Unanipima akili, Afande?"

"Napima ya kwetu. Huyo mgeni alikuwa nani?"

"Jina sikumuuliza. Fundi wa friji, mikono mizuri sana. Alishika tochi, mwisho akashika na bomba la moshi likiwa moto. Nilimfunga kitambaa mimi. Mkono huu." Alionyesha wa kushoto.

"Aliondoka hapa hata kidogo kati ya saa tatu na nusu na saa saba?"

"Aende wapi? Tochi ilikuwa moja, na alikuwa ameishika yeye. Angeondoka ningejua."

Inspekta alimwandikisha maelezo palepale, juu ya pipa, akamsomea, akamwekesha sahihi, akaupiga picha ukurasa ule. Kisha akarudi ndani na kuomba simu ya mezani.

"Koplo."

"Afande! Sahihi imepatikana? Gari la mahakamani linawekwa mafuta."

"Litoe mafuta. Jana mwenye nyumba alikwambia maneno gani? Usinisomee ulichoandika. Nataka alichosema."

"Alisema mgeni aliingia usiku wa Ijumaa."

"Na wewe ukaandika?"

"Ijumaa usiku. Si ndiyo hivyohivyo, Afande? Niliandika nilivyosikia."

"Hukuandika ulivyosikia. Uliandika ulivyoelewa." Alimweleza taratibu, siku kwa siku, mpaka aliposikia mwenzake ameacha kupumua. "Usilie, hata mimi ningeandika hivyo. Sasa sikiliza. Moja, nenda kwa mkuu wa kituo mguu kwa mguu, mwambie kuna kitabu cha tarehe na shahidi wa pili, kizimbani hakuendi mtu. Akikasirika, mwache akasirike. Mbili, nenda hotelini, waombe orodha ya simu zilizotoka chumba cha mjane, namba kumi na mbili, Jumamosi asubuhi. Tatu, soma maelezo ya pili ya mjane uniambie yaliandikwa saa ngapi."

"Saa sita mchana, Jumamosi. Niliyaandika mimi."

"Na mwenye nyumba ulimpigia lini?"

"Jumapili."

"Basi fikiria hilo ukiwa njiani."

Boti ya saa saba ilimrudisha saa tisa. Koplo alikuwa gatini, shati limemganda mgongoni, na karatasi mkononi: chumba namba kumi na mbili, Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, dakika mbili, namba ya Mama Mapazia. Mkuu wa kituo alikuwa amekasirika sana na alikuwa amekubali.

"Na kijana?"

"Nimemwambia hapelekwi mahakamani leo. Ameniomba simu ampigie mama yake. Nimempa yangu, Afande. Nilitoka nje, sikuweza kusikiliza."

Mjane alifungua mlango wa chumba namba kumi na mbili kabla hawajabisha mara ya pili. Masanduku mawili yalikuwa kitandani, lake limefungwa, la mumewe liko wazi na tupu. Alikuwa amevaa nguo ya kwenda mahakamani.

"Wameahirisha?" aliuliza. "Nimesubiri gari tangu saa saba."

"Wameahirisha. Nina swali dogo, shemeji yako alivuka lini?"

"Nilishasema. Ijumaa usiku."

"Ulijuaje?"

"Si mliniambia wenyewe?"

"Sisi tuliambiwa Jumapili." Inspekta alilifungua faili, akaliweka juu ya sanduku tupu. "Wewe umeyasema haya Jumamosi saa sita mchana. 'Amevuka Ijumaa usiku.' Siku moja kabla yetu. Na Ijumaa ulituambia hujui aliko."

Mjane aliitazama karatasi, kisha Koplo, kana kwamba Koplo angeweza kuifuta.

"Jumamosi saa tatu na robo ulipiga simu kutoka chumba hiki," Inspekta aliendelea. "Ukauliza mgeni aliingia lini. Ulitaka kujua kama Alhamisi usiku ana pa kujishika. Ukaambiwa usiku wa Ijumaa, ukafurahi. Ukaja kwetu ukamsikia kwenye ngazi."

"Huyo mama mwenyewe ndiye aliyesema!"

"Alisema kweli. Kwake yeye, usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Ni Alhamisi baada ya jua kuzama. Shemeji yako alikuwa ng'ambo ameshika tochi, na aliyekuwa naye ameandika tarehe. Ulichokisikia kwenye ngazi ulikisikia kwa nani?"

Mwanamke alikaa kitandani, kati ya masanduku. Kwa muda alionekana atakana. Kisha mabega yakashuka.

"Alichukua chumba huko," alisema. "Kitanda kimoja. Nilimsikia akiagiza. Nikamuuliza, nikafikiri ni mzaha. Akaniambia mama amegawa likizo na yeye ameona ni jambo jema kugawana, siku zake tatu na mimi zimekwisha, na tukirudi nyumbani tutagawana na nyumba." Alivuta pumzi. "Alisema huku akicheka. Miaka kumi na tisa, na anacheka."

"Ukampiga kwa kitu gani?"

Macho yake yalikwenda mezani, kwenye taa mbili za kusomea. Koplo naye akaziangalia. Moja ilikuwa na kitako cha shaba. Nyingine ilikuwa na kitako cha mbao, na haikufanana na kitu chochote chumbani mle.

"Shuka ukamuulize mhudumu," Inspekta alimwambia Koplo, "ile ya pili imebadilishwa lini. Na safari hii andika alivyosema."

"Neno kwa neno, Afande."

Aliposhuka, Inspekta alichukua sweta lililokuwa juu ya sanduku na kumnyooshea mjane. Hakuwa na furaha, ila alijua kwamba kuna mama mahali fulani ameshika simu kwa mikono miwili, na hilo lilimtosha kwa leo.

"Vaa. Selo zetu zina baridi, na usiku wa Jumanne utaulala kwetu."

Mjane alishika sweta. "Leo Jumatatu," alisema.

"Ndiyo," Inspekta akajibu, akamfungulia mlango.